Sentensi ya Mgeni

Juzi jirani yangu alikuwa anatwanga majani ya maboga pamoja na mkaa ili apake ubao wa watoto wa chekechea anaowafundisha pale kanisani. Harufu ikapita mpaka uani kwangu. Ilinikuta nachambua maharage, na nilishtukia nimeacha kuchambua, nimekaa tu na ungo mapajani. Wengine wataiita harufu ya uchafu. Kwangu mimi ni darasa la tano, ni kipupwe cha Ufipa kinachoingia mpaka kwenye meno, na ni dada yangu Skolastika amesimama mbele ya ubao uliopakwa asubuhi ileile, anatetemeka. Na msidhani alitetemeka kwa baridi peke yake.

Dada Skola alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Ndiyo, dada yangu wa tumbo moja. Nyumbani tulilala kitanda kimoja na kugombania blanketi, shuleni nilitakiwa nisimame na kumwita Mwalimu. Zilikuwa zile enzi za vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka vitongoji vyetu, tukapangwa mistari mistari huku shule ikiwa katikati, na serikali ikasema kila mtoto aingie darasani. Watoto tukaingia wote, walimu wakawa hawatoshi. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa ualimu, mpaka siku mkaguzi atakapokuja kuwatazama na kusema huyu amepita, huyu hapana. Watu waliwaita walimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, na waliwaita hivyo wakiwa wamekunja midomo.

Skola alikuwa mmoja wao. Kwake yeye kupita hakukuwa jambo la kujisifia tu. Baba yetu alikuwa amefariki, na mwenye kauli nyumbani alikuwa Baba Mkubwa, ambaye hakuona faida ya msichana kushika chaki. Alikuwa ameshamtafutia mume, mjane mmoja wa kijiji cha pili, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa akija kwetu na kukaa kimya akimtazama Skola anavyotwanga. Mama alimwomba Baba Mkubwa asubiri kidogo. Baba Mkubwa akasema sawa, atasubiri mpaka mkaguzi aseme. Binti akipita, abaki na chaki yake. Akikosa, aende kwa mumewe, na yeye Baba Mkubwa asiletewe tena habari za shule. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na kila mtu nyumbani kwetu alilijua, mpaka mimi niliyekuwa najifanya nimelala.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mkaguzi alikuja mara ya kwanza masika, Landrova yake imejaa tope mpaka madirishani. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye suti ya mikono mifupi, na hakuwa mtu wa huku kwetu. Somo lilikuwa kutafuta makosa ya nyakati katika sentensi za Kiingereza: mtu amefanya jambo jana halafu anasimulia kama analifanya leo, au atalifanya kesho naye anasema ameshamaliza. Mkaguzi aliandika sentensi yake ubaoni, akatuuliza kama iko sawa. Tukasema iko sawa. Akaandika nyingine, tukasema nayo iko sawa. Akaandika ya tatu, mbovu hata mbuzi angeishangaa, tukamwambia ndiyo iliyo sawa kuliko zote.

Alimwita Skola pembeni, nami nilikuwa karibu na dirisha. Alimwambia, "Mwalimu, watoto wako hawaoni kosa hata likiwakalia kichwani. Nitarudi kabla ya mavuno. Nikikuta hali ni hii, siwezi kukupitisha."

Jioni ile Skola hakula. Alikaa karibu na moto akichokonoa majivu, halafu akachukua kijiti, akaandika chini kwenye vumbi sentensi ya Kiingereza, kwamba jana ninakwenda Sumbawanga. Akaniita.

"Oliva, soma hapa. Kuna kosa?"

Nikasoma. Nikamwambia hakuna.

"Soma vizuri."

"Hakuna, dada. Nzuri kabisa."

Alinitazama kwa muda. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nakunja vidole vya miguu, maana alinijua. Akageuka, akanipa mgongo, akautazama ukuta wa jiko uliojaa masizi.

"Haya. Mimi sipo. Nimekwenda kisimani. Hiyo sentensi ikoje?"

"Ina kosa," nikasema palepale. "Ni jana, kwa hiyo ni 'went', siyo 'go'."

"Mbona hukusema?"

"Umeandika wewe!"

Mama yangu wee! Skola aliruka, akanishika mabega, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe tulijua. Darasa zima tulijua.

Mnaosoma na hamkulelewa Ufipa mtanishangaa, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa mdomo tu. Unainama, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe ya chini, na macho yako yanatazama chini. Ukishafundishwa hivyo tangu hujaota meno, utamwendeaje huyohuyo mkubwa na kumwambia, mzee, hapo umekosea? Na akiwa mgeni ndiyo kabisa. Aliwahi kufikia kwetu mtu mmoja kutoka Kipili, kule ziwani, aliyeleta samaki wakavu aina ya migebuka. Alimwita mama yetu Mama Paskalia kuanzia alipotua mzigo mpaka alipoondoka. Nyumbani kwetu hapakuwa na Paskalia yeyote. Mama aliitika vizuri kabisa. Skola akiitwa, "We Paskalia, niletee maji," alikimbia akayaleta, akapiga goti. Mgeni alipoondoka nilimuuliza mama kwa nini hakumwambia. Alinitazama kama nimetukana kanisani. Akasema, "Mgeni akikosea, wewe sikia alichotaka kusema." Maneno hayo yalikuwa sheria kwetu. Ndiyo maana mkaguzi alipoandika ubaoni, sisi tulisikia alichotaka kusema, tukaona yametosha.

Basi Skola akaanza dawa yake. Kila kipindi cha Kiingereza aliandika sentensi yenye kosa, akaweka chaki chini, akageuka na kutazama ukuta. "Mwalimu hayupo," anasema. Siku za kwanza tulinong'ona tu, tukiangaliana. Desderi, mvulana wa dawati la mbele ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, ndiye aliyepasua kwanza. Akasema kosa, akasema na sahihi yake, halafu akajificha chini ya dawati. Skola hakugeuka. Alisema tu, akiuambia ukuta, "Vizuri sana." Baada ya hapo hatukushikika. Mwalimu akigeuka tu, darasa linalipuka, mpaka wanaolima shamba la shule wanasimama na majembe yao kusikiliza. Tuliona nyakati zilizovunjika kila mahali. Tulisahihisha hata maandishi ya Kiingereza kwenye magunia ya mbolea, ambayo pengine hayakuwa na kosa lolote.

Mwalimu Mkuu hakupenda. Alikuwa mzee wa nidhamu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ya mkaa ikasimama yenyewe. Mavuno yalipokaribia na habari kufika kwamba mkaguzi yuko njiani, alimwita Skola mbele yetu akamwambia, "Siku ya mkaguzi usiniletee mambo ya kutazama ukuta. Mwalimu wa serikali hawapi watoto kisogo. Tutachekwa mpaka mkoani."

Skola akaitika ndiyo, mwalimu. Angeitikaje vingine?

Akatuambia sisi: mgeni akiandika, semeni kweli. Msiogope. Tukaahidi. Tuliahidi kwa moyo wote, hata mimi nilimwahidi tena kitandani, chini ya blanketi, nikampa na upande wangu wa blanketi kabisa.

Siku ilipofika kulikuwa na ukungu hata bendera haionekani juu ya mlingoti. Tuliupaka ubao asubuhi, mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa amemfulia Skola gauni lake la kitenge na kulikausha juu ya moto, likawa linanuka moshi. Mkaguzi akaingia, tukasimama, tukainama, tukapiga makofi yetu ya chini. Akajibu vizuri, akakaa nyuma kwenye dawati dogo lililolia chini yake. Mwalimu Mkuu akasimama mlangoni.

Skola alifundisha vizuri. Nasema vizuri, na si kwa kuwa ni dada yangu. Lakini alipoandika sentensi ya kwanza yenye kosa, alibaki akitutazama, maana kugeuka amekatazwa. Sisi nasi tukamtazama. Jogoo wa Mwalimu Mkuu akawika nje, tukamsikia mpaka mwisho. Mmoja akajaribu kwa sauti ndogo, akasahihisha, lakini lilikuwa jambo la kukokota.

Mkaguzi akainuka. "Naona tufanye hivi," akasema kwa upole wake ule, ambao ungekuwa ukali ningeuvumilia zaidi. Akachukua chaki, akaandika kwa mwandiko mzuri wa mviringo: "Last year my father builds a house." Mwaka jana baba alijenga nyumba, ndicho alichotaka kusema, ila ujenzi wenyewe ameuacha unaendelea leo. Kosa lilikuwa limekaa pale katikati ya ubao, jeupe.

Akamnyooshea kidole Desderi. Desderi, shujaa wetu, akasimama, akafunga viganja, akapiga makofi mawili matatu ya heshima.

"It is correct, sir."

"Una hakika?"

"Very correct, sir."

Mkaguzi akamwinua msichana mwingine, naye akasema ni sahihi, akaongeza asante. Halafu kidole kikanijia mimi.

Nikasimama. Ndugu zangu, nilijua. Neno "built" lilikuwa mdomoni, limenijaa mashavu. Nilimwona mjane akiwa amekaa kwetu, nilimwona Baba Mkubwa akikohoa kama anavyokohoa akitaka kutoa amri, niliona kitanda nimelala peke yangu. Nilifungua mdomo nikamtazama yule mzee, akanitazama kwa miwani yake, na uso wake ulikuwa mwema, uso wa mgeni aliyetoka mbali na kutuandikia kitu. Mdomo ukajifunga wenyewe. Machozi yakaanza kunitoka nikiwa nimesimama hivyohivyo.

Mkaguzi akaguna, akaweka chaki chini. Akaanza kukusanya vitu vyake.

Ndipo Skola akasema, "Ndugu Mkaguzi."

Mkaguzi akageuka kumtazama.

"Ndugu Mkaguzi, naomba..." Akaanza tena. "Naomba ugeuke utazame ukuta."

Mwalimu Mkuu pale mlangoni alishika kichwa. Mkaguzi akauliza, "Nitazame nini?"

"Ukuta. Watoto hawa kosa wanaliona. Wameliona tangu ulipoandika. Ila hawawezi kumwambia mgeni, tena mtu mzima, kwamba amekosea. Kwetu hatufanyi hivyo. Ukigeuka, kwao itakuwa kama haupo."

"Kwa hiyo unasema safari ile pia..."

"Ndiyo. Safari ile pia hukuwaelewa." Alisema hivyo, Skola wetu, mikono ikitetemeka ndani ya kile kitenge kinachonuka moshi. "Ukinifelisha, unifelishe mimi, lakini usiseme hawajui."

Mkaguzi alisimama akimtazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha polepole, na ule unene wake wote, akageuka. Akautazama ukuta wa tofali mbichi uliokuwa na ufa mrefu. Tuliona mgongo wake, vumbi la kiti cha gari kwenye suti, na mkunjo wa shingo.

"Haya," akauambia ukuta. "Mimi sipo."

Wacha bwana! Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaiita. "Wrong! Built! Built, sir!" Na darasa zima likanifuata, Desderi amepanda juu ya dawati, wanapiga kelele built, built, mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye paa la nyasi. Mkaguzi akiwa bado ametazama ukuta akatutajia sentensi nyingine kwa mdomo. Kosa! Tukamsahihisha. Akataja nyingine ya kesho, kosa, tukamsahihisha. Akataja moja isiyo na kosa ili atutege, nasi tukanyamaza kidogo, halafu tukasema hiyo imenyooka, usituchezee. Nani alisema "usituchezee" sijui, na natumaini si mimi. Mabega ya yule mzee yakaanza kucheza. Tulidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka ameegemeza kiganja ukutani.

Alipogeuka, sote tulinyamaza ghafla, tukainama na makofi yetu, na Desderi, kwa hofu, akiwa bado juu ya dawati, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, akipangusa macho. Kisha akamgeukia dada yangu. Hakuzungumza Kiingereza. "Mwalimu, umepita. Na ile safari ya kwanza, nisamehe."

Skola alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu sakafuni mbele yetu sote na gauni lake safi, akafunika uso. Mimi nilipumua. Sijui nilikuwa nimeshikilia pumzi tangu lini, lakini nakumbuka hewa ilivyoingia kifuani baridi na tamu, na jinsi nilivyokalia daftari la mwenzangu bila kujua. Hata leo nikisimulia, nikifika hapa lazima nishushe pumzi. Mwalimu Mkuu aliingia, akamwinua Skola kwa mkono, akasema kwa sauti ya kutaka tusikie kwamba yeye tangu mwanzo aliona ile njia ina kitu ndani yake. Tukamsikia, tukaona yametosha.

Jioni nyumbani mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Alipika ugali wa ulezi na kuku yule aliyekuwa akitaga, kwa maana hiyo mjue furaha ilikuwa kubwa. Baba Mkubwa alifika, akasikiliza habari, akakohoa. Akauliza, "Sasa yule bwana nimwambieje?"

"Mwambie binti ni mwalimu," mama akasema, akamwekea paja la kuku.

Akala, na mambo ya mjane yakaishia pale kwenye sahani. Mwaka uliofuata mjane akaoa mwanamke wa makamo, wakapendana sana, na sisi tukahudhuria arusi na kucheza bila kinyongo chochote. Skola akafundisha mpaka alipostaafu. Wapo watu wazima wengi pale Mazwi na Majengo, mjini Sumbawanga, waliojifunza Kiingereza chao kwa mgongo wake.

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kuwa ni kisa cha mzee mnene aliyetazama ukuta. Watu wanacheka, nami nacheka. Nilijipa na sifa kidogo, kwamba mimi ndiye niliyetangulia kusema. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, nimeajiriwa ofisini, ikanibidi siku moja nimwambie mkubwa wangu kwamba uamuzi wake ulikuwa na makosa na watu wataumia. Nilisimama mbele ya meza yake. Viganja vyangu, Mungu ni shahidi, vilianza kujikunja vyenyewe vipige makofi. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na watoto wangu. Ndipo nilipomwona Skola upya, umri wake ulikuwa chini ya miaka ishirini, na nyuma yake kuna mume ambaye yeye hamtaki.

Yeye naye alikuwa binti wa mama yetu. Yeye ndiye aliyemletea maji mgeni na kuitika Paskalia. Sisi watoto tuliusahihisha mgongo, na tukajiona mashujaa. Skola alimwambia yule mzee kosa lake akimtazama machoni, wala hapakuwa na mtu aliyegeukia ukuta kwa ajili yake.